Mteremko Huamuliwa Juu: Somo Kutoka Barabara ya Hamsini na Saba

Mtu aliyekulia Tinde, kama mimi, hana sababu kubwa ya kuijua milima. Ardhi yetu ni ya wazi, unaona ng'ombe wa jirani wakirudi zizini wakiwa bado mbali. Tunachokijua vizuri ni magari. Tinde ni njia panda: barabara ikitoka Nzega hugawanyika hapo, moja ikaenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine ikaenda Isaka, Kahama na mpaka Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Malori hupita mbele ya maduka yetu usiku na mchana. Madereva wakisimama kula, husimulia mlima wa Sekenke, ule ulioko mkoani Singida kati ya Misigiri na Shelui. Na kuna jambo moja utaligundua ukiwasikiliza kwa muda: ni nadra mtu kusimulia alivyopanda. Wanasimulia walivyoshuka.

Makala hii ni somo dogo juu ya kushuka huko. Mwishoni mwa Septemba, katika likizo ndefu, wanafunzi watano wa ualimu tulisafiri kwa gari kwenda kupiga kambi Nyanda za Juu Kusini, tukapita barabara ya changarawe inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba na Kitulo. Tulirudi na picha nyingi, lakini pia tulirudi na elimu ambayo sikuipata kwenye mhadhara wowote.

Najua utasema: mimi sina gari, bumu lenyewe linaisha kabla mwezi haujaisha, barabara za milimani zinanihusu nini? Zinakuhusu. Tunaosoma ualimu tutapangiwa vituo vya kazi, na shule haziko zote kando ya lami. Wa uuguzi, kilimo na misitu ndiyo usiseme. Siku moja utakaa kiti cha nyuma cha gari la mtu mwingine, juu ya mlima, jua linazama, na dereva atasema "twende tu". Somo hili ni kwa ajili ya siku hiyo.

Njia tuliyopita

Gari lilikuwa Prado la zamani la mjomba wangu. Mjomba alitoa sharti moja, kwamba tuende na dereva wake. Huyu ni kaka wa makamo aliyeendesha malori ya Rusumo kwa miaka mingi. Sisi tulimwamkia shikamoo, naye akatuita "walimu" safari nzima, nusu heshima, nusu utani.

Tulitoka Tinde alfajiri, tukapita Nzega hadi Tabora. Hapo wenzangu wa historia walikumbushana kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifua Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Kutoka Tabora tulishika njia ya Sikonge, Ipole na Rungwa, tukaingia Makongolosi na Chunya. Mtu wa ukanda wa Geita akifika Makongolosi hajisikii mgeni, maana kote ni mazungumzo ya mawe, karasha na bei ya gramu. Dhahabu ya Lupa ndiyo iliyowavuta watu huko katika miaka ya 1920 na 1930, na mji wa Mbeya ulianza kukua wakati huohuo.

Tulilala Mbeya. Asubuhi tukarudi mashariki kwa barabara kuu ya Dar es Salaam, tukapita Uyole na Igurusi hadi Chimala, kilomita 78 hivi kutoka Mbeya. Hapo tuliiacha lami, tukageuka kusini kuelekea ukuta wa mlima.

Kwa nini inaitwa Hamsini na Saba

Jina linatokana na idadi ya kona kali. Ziko 57, na barabara inajikunja mlimani kama kamba iliyotupwa. Chini yako ni uwanda wa Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali. Juu ni Matamba, na mbele yake ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake ya porini, ambayo hupamba kati ya Desemba na Aprili wakati wa mvua. Kwa hiyo msafiri ana uchaguzi mgumu: miezi ya maua ndiyo miezi ya matope. Sisi tulichagua Septemba, maua yakiwa machache lakini njia ikiwa kavu.

Tahadhari: barabara hubadilika. Greda likipita leo njia ni nzuri, mvua mbili tatu zikinyesha ni jambo lingine. Sehemu nyingine inaweza kuwekwa zege, nyingine ikabaki udongo. Usitegemee simulizi la mwaka jana, hata hili langu. Uliza Chimala kabla ya kupanda, na uliza wanaotoka juu siku hiyohiyo. Bodaboda na madereva wa magari ya viazi wanajua kuliko ramani ya simu.

Kupanda

Kupanda kunatisha macho lakini hakuna hatari kubwa kama kushuka. Ukipunguza mafuta, gari linapungua mwendo lenyewe, yaani mlima unakusaidia kusimama. Mambo manne yalitutosha.

Kwanza, changarawe ni vijiwe vinavyobiringika chini ya tairi. Gari halishiki kama kwenye lami, na linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Ukikanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona, tairi huteleza na gari hufuata njia yake, siyo yako.

Pili, piga honi kabla ya kila kona usiyoona mbele yake. Kona 57, honi 57. Wenzangu walicheka mpaka kona ya kumi na kitu, tulipokutana na pikipiki yenye magunia mawili ikishuka katikati ya njia.

Tatu, njia ikiwa nyembamba, anayeshuka humpisha anayepanda. Siyo adabu tu. Anayepanda akisimama kwenye mwinuko huweza kushindwa kuondoka tena, akaanza kurudi nyuma.

Nne, usishangae gari likichoka. Kwenye mita 2,600 hewa ni nyepesi, pungufu karibu robo ukilinganisha na pwani, na injini nayo inapumua hewa hiyohiyo. Tulisimama mara tatu kwenye sehemu pana ili injini ipoe. Kila tuliposimama, dereva alimtuma mmoja wetu kuweka jiwe nyuma ya tairi kabla ya wengine kushuka. Handibreki peke yake hakuiamini.

Kulala juu

Kupiga kambi siyo kuchomeka hema popote panapopendeza. Ndani ya hifadhi utalipa kiingilio na kulala mahali palipotengwa. Nje ya hifadhi, ardhi ina wenyewe hata kama huoni nyumba. Sisi tulilala usiku wa kwanza nje ya hifadhi, kwa hiyo tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukajieleza, tukaandikwa majina. Alituonyesha uwanja karibu na shule, akatuma kijana atuonyeshe maji. Kwa nusu saa ya salamu tulipata ulinzi, maji na majirani.

Joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Kutoka Usangu hadi uwanda wa Kitulo ni kama mita 1,500 kwenda juu, kwa hiyo ondoa nyuzi 9. Tena hapo ni mchana. Usiku upepo ukianza, mtu wa Shinyanga anaelewa kwa nini wenyeji hutembea na makoti mazito mwezi wa tisa. Beba blanketi kuliko unavyodhani utahitaji, na uweke kitu kizito chini ya mgongo, maana baridi kubwa hutoka ardhini.

Na maharage! Tuliyabandika saa nane mchana, saa kumi na moja bado yalikuwa yanagonga sufuria. Hii ni fizikia ya sekondari. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale pwani, lakini kila ukipanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kama nyuzi moja. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwa nyuzi 91 tu. Ukiongeza kuni, maji yatatokota kwa fujo na kukauka haraka, lakini hayatakuwa ya moto zaidi. Dawa ni kufunika vizuri, kuloweka maharage tangu usiku, au kula viazi, ambavyo huko ndiko kwao.

Hesabu ya kushuka

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Gari lililoko juu ya mlima limebeba nishati ambayo injini iliilipia kwa mafuta wakati wa kupanda. Likishuka, nishati hiyo lazima iende mahali. Kama mwendo hauongezeki, inageuka joto, na sehemu kubwa ya joto hilo inaweza kuishia kwenye breki.

Chukua gari la kilo 2,400 pamoja na watu na mizigo. Linashuka mita 1,000 kutoka juu hadi chini. Kwa kanuni ya darasani, uzito mara mvutano mara kimo: 2,400 × 10 × 1,000 ni jouli milioni 24. Lita moja ya maji ikitolewa nyuzi 20 mpaka nyuzi 100 inahitaji jouli kama 336,000. Gawanya. Unapata lita 71. Yaani kushuka mlima huo mara moja kunatoa joto la kuchemsha madumu matatu na nusu ya lita ishirini. Madumu hayo ndiyo unayoyachemsha kwenye vyuma vinne vidogo vilivyoko nyuma ya rimu za gari lako.

Breki zikizidiwa, hutokea mambo mawili. Vitambaa vya breki hupoteza uwezo wa kushika. Na mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei lakini mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inazama mpaka chini na gari halisikii. Kabla ya hapo kuna harufu, kama ya plastiki na mpira vinavyoungua. Harufu hiyo ni kengele ya mwisho.

Ndiyo maana dereva wetu alishuka kwa gia namba mbili, mara nyingine namba moja, akiacha injini ishike gari. Gari la otomatiki nalo lina nafasi hiyo, L au 2 kwenye mkono wa gia, watu wengi hawajawahi kuigusa. Breki aliikanyaga kwa muda mfupi, akaiachia ipoe, akakanyaga tena. Hakuilalia mguu kilomita nzima. Na kuweka nyutro ili "kuokoa mafuta" alikuita kwa jina lake: kujiua kwa bei nafuu.

Sasa sikia alichotuambia, ambacho ndicho nilichokuja kukiandika: gia ya kushukia huwekwa juu, kabla ya kona ya kwanza. Ukisubiri mpaka gari likimbie na breki zinuke, gia ndogo inaweza kukataa kuingia. Uamuzi ulioahirishwa kule juu haupatikani tena katikati ya mlima.

Mjadala wa saa kumi na moja

Siku ya tatu, Alhamisi, tulikuwa tumerudi Matamba kutoka hifadhini. Mwenzetu mmoja, dada yake alikuwa anaolewa Jumamosi Dodoma, na alitaka kushuka Chimala jioni ile apate basi la usiku. Wawili walimuunga mkono. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na njia imelowa manyunyu. Jua huko wakati ule linazama kama saa kumi na mbili na nusu.

Dereva hakugombana. Aliegemea gari akasema, "Walimu, mimi nauliza tu. Tukianza sasa, kona ya mwisho tutaifikia kuna mwanga au giza?"

"Giza, kaka," mmoja akajibu.

"Ukungu huu, taa zitamulika njia au zitamulika ukungu?"

Kimya.

"Mbele yetu kuna magari ya viazi. Moja likikwama kwenye kona, tutaliona tukiwa mbali kiasi gani?"

Mwenzetu akasema kwa uchungu, "Kaka, ni dada yangu wa pekee."

"Ndiyo maana, mdogo wangu. Nataka akuone."

Tukalala Matamba. Haikuwa usiku wa furaha. Mwenzetu hakula, na tulilala kila mtu na lake. Kuahirisha safari kuna gharama, na anayelipa mara nyingi siyo yule anayetoa ushauri. Nalisema hili kwa sababu mafunzo mengi ya usalama huongea kana kwamba kusubiri ni bure.

Asubuhi, saa moja, ukungu ulipoinuka, tulianza kushuka. Katikati ya mlima tulikuta Fuso la viazi limesimama upande wa ukingo, mawe kwenye tairi zote za nyuma. Utingo alitueleza kwamba breki zilichemka usiku, dereva akafanikiwa kulisimamisha kwa kulisugua kwenye ukuta wa mlima, kisha wakalisogeza taratibu lilipopoa. Watu walikuwa wazima. Lakini hawakuwa na kibao cha kuakisi mwanga, na taa zilikuwa zimekufa kwa betri kuisha. Lori lenye tani 10 likishuka mita 1,000 hutoa joto la kuchemsha madumu karibu 15. Tena lilikuwa limesimama hatua chache tu baada ya kona, gizani, ndani ya ukungu, kwenye njia ambayo tungekuwa tunaipita.

Hakuna aliyesema lolote garini. Tuliwaachia maji na mkate, tukashuka. Mwenzetu alipata basi la asubuhi Chimala, na Ijumaa usiku alikuwa Dodoma, kabla ya harusi.

Abiria ana mdomo

Kule Matamba tulizungumza na mwalimu kijana ambaye ana miaka michache kazini. Hana gari. Hushuka Chimala kwa shughuli zake na kupanda tena na magari ya watu. Nilimuuliza amejifunza nini. Akaniambia kwamba mwanzoni aliona aibu kumsemesha dereva, maana dereva ni mtu mzima na yeye ni mgeni. Siku hizi anauliza kabla hajapanda, na jibu likimtia shaka anamwacha aende.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kanuni ya gia inamhusu hata asiyeshika usukani. Abiria naye ana uamuzi wake, na wakati wake ni kabla mlango haujafungwa. Gari likishaanza kushuka, kelele zako zitamchanganya dereva tu. Kwa hiyo ukiwa bado juu:

Tazama tairi kwa macho yako. Kama zimekuwa vipara, changarawe haitazionea huruma.

Tazama mzigo. Watu waliokaa juu ya magunia hawana cha kushika gari likipinda.

Muulize dereva kwa heshima: "Shikamoo kaka, breki zikoje leo? Tutafika chini kabla ya giza?" Dereva mzuri hachukii swali hili. Anayelichukia amekujibu tayari.

Waambie watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, umepanda gari gani na saa ngapi.

Na uwe na mahali pa kulala na akiba ya nauli ya kesho. Anayeshuka usiku mara nyingi siyo jasiri, ni mtu ambaye hana elfu kumi ya gesti. Ukiwa na hiyo akiba, neno "nasubiri" linatoka kirahisi.

Tunasomea kazi ambayo itatupeleka mbali na nyumbani. Tutafundisha watoto ambao mlima huo ndiyo njia yao ya daftari, dawa na soko. Serikali kupitia TANROADS na TARURA ina wajibu wa kuitunza njia, na ni haki yetu kudai. Lakini lami ikija au isije, kimo cha mlima hakipungui, na ile hesabu ya madumu inabaki palepale.

Maswali ya kujadili na wenzako

1. Gari la kilo 1,500 linashuka mita 600 kwenda chini. Joto linalotoka linaweza kuchemsha lita ngapi za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100?

2. Kwa nini siyo salama kushuka mlima gari likiwa nyutro, hata kama breki ni mpya?

3. Umepangiwa shule ya milimani na unatakiwa kuripoti kesho. Gari la mwisho limejaza kupita kiasi na jua limezama. Utamwambia nini dereva, na utamwambia nini mkuu wa shule?

4. Taja uamuzi mmoja hapa chuoni ambao, kama gia ya kushukia, lazima ufanywe kabla mambo hayajaanza kwenda kasi.